Mteja Atazamia Nini kwa Anayemhudumia?

Hakuna siku inayopita bila sisi kusimama mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kutuhudumia. Mama aenda dukani kununua sabuni na chumvi. Baba asimama dirishani pa ofisi akitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Kijana afuata pesa aliyotumiwa na kaka yake kwa njia ya simu. Mgonjwa aketi kwenye benchi la hospitali, akingoja jina lake liitwe. Kila mmoja wao atarudi nyumbani na kitu alichokifuata, au atarudi mikono mitupu. Lakini pamoja na hicho atarudi na kitu kingine kisichoonekana: ama furaha ya kuwa amepokewa kama mtu, ama uchungu wa kuwa amedharauliwa.

Uchungu huo hausahauliki upesi. Bei ya sukari mtu ataisahau kabla ya mwezi kwisha. Neno la dharau atalikumbuka miaka mingi, tena atawasimulia jirani zake.

Jambo hili si dogo. Katika miji yetu, toka Lubumbashi mpaka Bukavu, toka Kolwezi mpaka Kisangani, vijana wengi waliomaliza shule watafuta kazi. Na kazi nyingi wanazozipata ni za kuhudumia watu: kuuza dukani, kupokea wageni hotelini, kukatisha tikiti za mabasi na za mashua, kuandika majina ya wagonjwa, kutuma pesa kwa simu. Wengine huipata kazi hiyo, na baada ya miezi mitatu wamekwisha kufukuzwa, wala hawajui sababu. «Nilifika kwa saa,» wasema, «wala sikuiba kitu.» Yaweza kuwa kweli. Lakini wateja walikuwa wamekwisha kuhamia duka la jirani.

Basi tuulize: mteja atazamia nini kwa yule anayemhudumia? Na je, mambo hayo yaweza kufundishwa na kujifunzwa?

Kutumikia si utumwa

Kabla ya kuzitaja sifa hizo, kuna mwiba mmoja unaopasa kutolewa kwanza. Wengi wetu huona kwamba kumtumikia mwenzako ni kujishusha. Ndiyo sababu karani fulani hujibu kwa sauti ya kukemea: ataka ijulikane kwamba yeye si mtumishi wa mtu.

Fikira hiyo ina asili yake. Siku za ukoloni mwanamume mzima, mwenye mke na watoto, aliitwa «boyi», yaani mtoto. Katika maduka mengi ya Wazungu huko Elisabethville, mji ambao toka mwaka 1966 huitwa Lubumbashi, Mwafrika hakupokewa ndani kama wateja wengine. Alihudumiwa kwenye kidirisha cha kando. Alikuwa na pesa ile ile, lakini alinunua akiwa amesimama juani. Watu walioonja hayo waliwaachia watoto wao fundisho moja: siku utakapokaa upande wa ndani, usikubali kudharauliwa tena.

Uhuru wa mwaka 1960 ulikifunga kidirisha kile. Lakini tazama karani wa leo anayemwacha bibi kizee asimame nusu saa, huku yeye anacheka na rafiki zake kwenye simu. Huyo amekifungua tena kidirisha kile kile; ila sasa anayekaa ndani ni mjukuu wa yule aliyesimama juani, na anayesimama juani ni bibi yake mwenyewe.

Mtumwa hutumika kwa kuwa hana njia. Mfanyakazi stadi hutumikia kwa kuwa anajua jambo ambalo mwingine halijui, au ana kitu ambacho mwingine anakihitaji. Mganga, mwalimu, rubani wa ndege, wote hao huwatumikia watu, wala hakuna anayewaita watumwa. Heshima ya kazi haitoki katika jina lake. Yatoka katika namna inavyofanywa.

Kumbukeni habari za César Ritz. Alizaliwa mwaka 1850 katika Niederwald, kijiji kidogo cha milimani nchini Uswisi, mtoto wa 13 wa mkulima. Inasimuliwa kwamba bwana wake wa kwanza alimfukuza, akisema kijana huyo hana kipaji cha kazi ya hoteli. Ritz akaenda Paris, akafanya kazi za chini, akabeba sahani. Lakini alipokuwa akibeba sahani, macho yake yalitazama na kichwa chake kilikumbuka: mgeni huyu apenda kukaa karibu na dirisha, yule hapendi kelele, huyu hunywa kahawa bila sukari. Mwaka 1898 alifungua mjini Paris hoteli yenye jina lake, nayo ingali yapokea wageni hata leo. Watu walimwita mfalme wa wenye hoteli, tena mwenye hoteli wa wafalme. Hakuona haya kutumikia. Aliona haya kutumikia vibaya.

Wateja wenyewe walipoulizwa

Kwa muda mrefu wenye maduka na mabenki walidhani kwamba wanajua mteja anataka nini. Katika miaka ya 1980 walimu watatu wa chuo kikuu huko Marekani, A. Parasuraman, Valarie Zeithaml na Leonard Berry, waliamua kuwauliza wateja wenyewe. Waliongea na watu waliotumia mabenki, kadi za mkopo, biashara ya hisa na kazi ya kutengeneza vyombo vilivyoharibika. Waliandika waliyoyapata mwaka 1985, na mwaka 1988 wakayakusanya katika mafungu 5.

Baadaye, katika kitabu kilichotoka mwaka 1990, walieleza jinsi walivyowapa wateja wa makampuni makubwa alama 100, wazigawe kati ya mafungu hayo kadiri ya uzito wa kila moja. Matokeo yalikuwa hivi: kutimiza lililoahidiwa, alama 32, wepesi wa kusaidia, 22, ujuzi na adabu vinavyomtuliza mteja, 19, kumjali kila mtu kama alivyo, 16, na mambo yanayoonekana kwa macho, kama jengo, vyombo na mavazi, 11.

Ni kweli kwamba waliojibu walikuwa Wamarekani. Lakini tuyapitie mafungu hayo moja moja, tuone kama hayatugusi na sisi.

1. Neno lililosemwa litimizwe

Wengi wangedhani kwamba tabasamu ndilo litakuwa la kwanza. Sivyo. La kwanza ni kutimiza. Wahenga wetu walijua hayo kabla ya vyuo vikuu, waliposema kwamba ahadi ni deni.

Mfikirini mshonaji anayepokea kitambaa cha sare za shule mwezi wa Agosti. Wazazi 40 wamekuja, na kila mmoja ameambiwa, «Njoo Ijumaa.» Mshonaji ni mpole, acheka na kila mtu, awapa watoto peremende. Lakini ana cherehani 2 tu, na umeme wa mtaa hukatika kila jioni. Ijumaa inafika: sare 15 zimeshonwa. Wazazi 25 warudi nyumbani, na Jumatatu ya kwanza ya Septemba watoto wao wabaki mlangoni pa shule wakiwatazama wenzao wakiingia. Je, tabasamu la mshonaji lawafaa nini?

Kosa lake si uvivu. Kosa lake ni kuahidi kabla ya kuhesabu. Mfanyakazi mwenye busara huhesabu kwanza: kazi iliyopo, mikono iliyopo, vifaa vilivyopo. Kisha asema, «Mama, Ijumaa haiwezekani, itakuwa Jumanne.» Mama atanung'unika kidogo, lakini atajua la kufanya. Na ikiwa baada ya kuahidi limetokea zuio, sharti mteja aarifiwe kabla ya siku yenyewe. Leo simu zimeenea mpaka vijijini, hakuna udhuru wa kumwacha mtu atembee kilometa nyingi ili aambiwe, «Bado.»

Kutimiza kwahusu tena mambo madogo ya kila siku: mizani isiyoegemea upande, kipimo cha mafuta kisichopondwa chini, chenji kamili bila kulazimishwa kuchukua peremende mahali pa noti, mlango unaofunguliwa kwa saa iliyoandikwa juu yake. Tena kwahusu neno «sijui». Anayesema, «Sijui, lakini namwuliza anayejua,» huaminiwa kuliko anayebuni jibu ili asionekane mjinga.

2. Wepesi wa kusaidia

Wepesi si kukimbia. Mfanyakazi aweza kukimbia kutwa nzima, na wateja wasihudumiwe. Wepesi ni kumwonyesha anayengoja kwamba ameonekana.

Wakati wa kungoja huwa mrefu zaidi kwa mtu asiyejua anangoja nini. Inua macho, sema, «Karibu, baba. Nimekuona. Nammalizia mama huyu, kisha ni wewe.» Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika, nayo hubadili saa nzima. Mtu aliyesalimiwa hungoja kwa amani. Mtu asiyesalimiwa hungoja kwa hasira, na hasira hiyo atakuletea mezani pamoja na karatasi zake.

Kuna jambo moja linalowaumiza watu wetu kuliko kungoja kwenyewe: kumwona mtu aliyekuja nyuma yako akipita mbele kwa kuwa ni ndugu wa karani, au kwa kuwa ameficha noti ndani ya karatasi zake. Foleni ni sheria ya maskini. Mwenye nguvu hana haja nayo. Mnyonge hana kitu kingine cha kumtetea. Karani anayelinda utaratibu wa foleni, na kuupinda tu kwa ajili ya mgonjwa mahututi, mama mjamzito au mzee asiyeweza kusimama, amefanya haki kila siku bila kuvaa joho la jaji.

3. Ujuzi na adabu

Mteja hutaka kutulia moyoni, aone kwamba anayemhudumia aijua kazi yake. Tuchukue mfano wa kazi iliyoenea sana kwetu: kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu. Kazi hiyo ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2012 M-Pesa ilifika Kongo. Makampuni mengine ya simu nayo yana huduma za namna hiyo. Leo mwavuli mmoja, meza moja na simu mbili zatosha kuwa benki ya mtaa.

Wengi hudhani ni kazi ya kubonyeza tu. Kumbe yahitaji fundi. Kwanza, wakala sharti awe na mali za namna mbili: noti mkononi, na pesa iliyo ndani ya simu. Noti zikiisha, hawezi kumlipa anayekuja kutoa. Pesa ya simu ikiisha, hawezi kumtumia anayekuja kuweka. Wakala hodari hujua siku za mishahara na siku za soko, akajitayarisha mapema.

Pili, husoma namba kwa sauti ya chini, tarakimu mbili mbili, na mteja huitikia. Tarakimu moja ikikosewa, karo ya mtoto huingia katika simu ya mtu asiyejulikana. Jina likitokea kwenye simu, wakala hulisoma na kuuliza, «Ndiye huyu?» kabla ya kumaliza.

Tatu, hutaja gharama kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza.

Nne, huhesabu noti mbele ya macho ya mteja. Katika Kongo franka na dola hutembea pamoja, na kila mtu ajua kwamba noti ya dola yenye mpasuko mdogo hukataliwa sokoni. Wakala anayempa bibi kizee noti ya namna hiyo wakati giza linaingia, hali ajua kwamba kesho hakuna atakayeipokea, amemwibia kama vile angalitia mkono mfukoni mwake.

Tano, hamwulizi mteja namba yake ya siri kamwe, naye hugeuza uso mteja anapoibonyeza. Asiyejua kutumia simu afundishwe kwa uvumilivu, asinyang'anywe simu.

Sita, hufunga kinywa. Nani amepokea dola 200, na kutoka kwa nani, si habari ya mtaa. Neno dogo lililosemwa kwa majivuno laweza kuwaleta wezi mlangoni pa mjane.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu, mabenki ya miji hiyo yalifungwa na noti zikawa haba. Watu wengi hawakuwa na njia nyingine ya kupata pesa yao ila kupitia vibanda hivi, na gharama ya kutoa pesa ilipanda sana mahali pengi. Katika siku kama zile, wakala anayetoza haki ni mlinzi wa watoto wasilale njaa. Na yule anayeongeza bei juu ya kilio cha watu, watu watamjua. Siku za dhiki ndizo zinazoandika jina la mtu.

4. Kila mtu na sura yake

Mteja si namba. Anayekuja mbele yako ana umri wake, lugha yake, hofu yake.

Fikirini mzee aliyetoka kijijini, ameingia ofisi kubwa. Karani amwuliza kwa Kifaransa cha haraka. Mzee hasikii. Karani arudia Kifaransa kile kile kwa sauti kubwa zaidi, na watu wageuka kutazama. Karani yule hakuzaliwa Ufaransa. Nyumbani anaongea lugha ya mama yake kama sisi sote. Lakini ameigeuza lugha aliyojifunza shuleni kuwa fimbo. Katiba yetu ya mwaka 2006 yakitaja Kifaransa kuwa lugha ya serikali, lakini yazitaja vilevile lugha 4 za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Kumwambia mzee, «Shikamoo, baba, nikusaidie nini?» si kuvunja sheria yoyote. Ni kuifuata.

Wengine hawajui kusoma. Mfanyakazi mwenye moyo huchukua karatasi, akauliza polepole na kuijaza, bila kutangaza, «Huyu hajui kuandika!» Hospitalini, anayeandika majina asimwulize mgonjwa ugonjwa wake kwa sauti inayosikika mpaka benchi la mwisho. Maradhi ya mtu ni siri yake. Wako watu walioacha kurudi kutibiwa, si kwa kukosa dawa, bali kwa kuona aibu.

5. Yanayoonekana

Hili lilipata alama 11 tu, nasi hatutalirefusha. Nguo safi, kucha zilizokatwa, meza iliyofutwa, bei zilizoandikwa mahali pa kuonekana: yatosha. Usafi si utajiri. Kibanda cha mbao chaweza kung'aa, na ofisi ya vioo yaweza kunuka.

Kosa likitokea

Hata mfanyakazi bora hukosea. Tofauti yaonekana baada ya kosa. Mwanafunzi wa kazi hujitetea: «Si mimi, ni mashine. Ni yule wa jana. Hata wewe hukusema vizuri.» Mteja hakuja kutafuta mwenye hatia, amekuja kutafuta pesa yake au kitu chake.

Utaratibu mwema ni huu. Msikilize mpaka amalize, wala usimkatize. Omba radhi kwa maneno machache. Tengeneza unachoweza kutengeneza papo hapo. Usichoweza, mpeleke wewe mwenyewe kwa mkubwa wako, usimwonyeshe mlango kwa kidole. Mwisho, mwambie lini jambo litakwisha, na siku hiyo ifike na jibu. Mara nyingi mteja aliyetengenezewa kosa kwa moyo mwema huwa mwaminifu kuliko yule ambaye hakupata shida kamwe, kwa maana amekwisha kuona tabia yenu siku ya mashaka.

Je, mteja hakosi kamwe?

Yasemekana kwamba Ritz huyo huyo aliwafundisha watumishi wake kuwa mteja hakosi kamwe. Katika mambo ya chakula na kitanda, fundisho hilo laweza kufaa: mgeni akisema nyama haikuiva, irudishwe jikoni. Lakini tusilipeleke mbali kuliko haki.

Mteja anayetaka aandikiwe risiti ya dola 100 kwa kitu cha dola 60, ili akaibie ofisi yake, amekosa. Na anayemwandikia wamekosa pamoja. Mteja anayemtukana mfanyakazi amekosa. Na zaidi ya hao wote, mwanamume anayemshika msichana anayemletea chakula, au kumwambia maneno machafu kwa kuwa amelipa bia, amekosa vibaya sana. Alichonunua ni chakula. Heshima ya binti ya watu haikuandikwa katika orodha ya bei. Msichana huyo ana haki ya kukataa, na mwenye mkahawa ana wajibu wa kusimama upande wake, hata ikiwa mteja ni tajiri. Mwenye mkahawa anayemwambia, «Vumilia, ni mteja mkubwa,» amemwuza mfanyakazi wake.

Neno kwa wenye kazi

Wenye maduka hupenda kulalamika kwamba vijana wa leo hawajui kupokea watu. Basi na wao wasikie.

Mwaka 1983 mwanamke msomi wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu ya wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba kutabasamu saa nyingi kwa amri ya mkubwa, hata mbele ya matusi, ni kazi kweli kweli, inayochosha roho kama vile kubeba mizigo kunavyochosha mgongo. Anayetaka tabasamu la mfanyakazi sharti ajue kwamba lina gharama. Kijana asiyelipwa miezi mitatu, anayesimama toka asubuhi hadi usiku bila kiti wala chakula, atatoa wapi uso mkunjufu?

Aristide Boucicaut alilielewa jambo hilo zamani. Mwaka 1852 aliingia kuwa mshirika katika duka la Paris liitwalo Le Bon Marché, lililokuwa na wafanyakazi 12. Aliandika bei moja kwa watu wote, akaruhusu kila mtu aingie na kutazama bila kulazimishwa kununua, na akakubali kurudishiwa kitu kisichompendeza mnunuzi. Mapato ya duka yalikuwa franka 500,000 mwaka ule. Mwaka 1860 yalifika franka 5,000,000. Lakini tazameni na upande wa pili: yeye na mkewe Marguerite waliwawekea wafanyakazi masomo ya jioni, na mwaka 1876 akaba ya kuwasaidia baada ya kazi. Walijua kwamba mfanyakazi humtendea mteja kama yeye mwenyewe anavyotendewa.

Na sisi wateja

Tusijisahau. Anayeingia dukani bila salamu, akipiga meza kwa ufunguo wa gari na kuita, «Wee!», asishangae akijibiwa vivyo hivyo. Tusalimu. Tutayarishe karatasi zetu kabla ya kufika dirishani. Tusiombe kupitishwa mbele ya wenzetu. Tukirudishiwa chenji iliyozidi, tuirudishe, maana jioni mfanyakazi ataikatwa katika mshahara wake. Na tukihudumiwa vizuri, tuseme asante. Tena tumwambie na mkubwa wake, kwa kuwa wakubwa husikia malalamiko kila siku, sifa husikia mara chache.

Shule ya kwanza ni nyumbani

Wazazi wengi huwaza kwamba mambo haya yatafundishwa kazini. Yamekwisha kuchelewa. Mtoto anayetumwa kumpa mgeni kiti na maji, anayefundishwa kuhesabu chenji na kuirudisha yote, anayeambiwa, «Ukisema unarudi saa kumi, rudi saa kumi,» huyo amekwisha kuanza masomo yake. Siku atakapokaa nyuma ya meza ya duka au dirisha la benki, hatakuwa na haja ya kuvaa adabu pamoja na sare. Atakuja nayo toka kwao.

Nanyi wanafunzi, msidharau kazi hizi mkizingoja zile kubwa. Waziri, mganga na mkurugenzi watatazamiwa mambo yale yale matano: watimize waliyosema, wawe wepesi kusaidia, waijue kazi yao, wamjali kila mtu, wawe safi. Asiyeyaweza penye meza ndogo hatayaweza penye meza kubwa; ila hapo watakaoumia watakuwa wengi zaidi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na shuleni

1. Ni nani katika mtaa wetu anayesifiwa kwa kuhudumia watu vizuri? Afanya nini ambacho wengine hawakifanyi?

2. Mteja akimwomba karani risiti ya uongo, na mkubwa wa kazi amwamuru aitoe, karani afanyeje?

3. Kati ya mambo 5 tuliyoyataja, nyumbani kwetu ni lipi linalokosekana zaidi?